Mtani Asiyeweza Kunijibu

Mimi ni Mmwera wa Nyangamara, na mdomo huu niliurithi kwa mama. Kwetu utani si mchezo wa watoto. Akifiwa Mmakonde, sisi watani wake tunaingia msibani na vituko vyetu: mmoja anavaa koti la marehemu na kumwiga alivyokuwa akitembea, mwingine anakaa mlangoni na kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayekasirika, maana tukifiwa sisi nao watakuja kutulipa. Nimekulia humo. Mtu asiyenitania huwa nahisi ananichukia, au ana jambo analonificha.

Nayasema hayo mapema ili nisionekane nilifanya nilichofanya kwa roho mbaya. Halafu nikiyasoma naona nimeanza kujitetea kabla hata sijashitakiwa. Hiyo ni tabia yangu nyingine.

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na wakati huo nilikuwa nimeshajenga Rasbura, hapa Lindi mjini, nyumba yenye kibaraza kipana mbele. Kibaraza ndicho kilichoniponza. Ulipokuja mradi wa kuwasaidia wazazi wa kipato cha chini, hasa wale waliohamia mjini kutoka mbali, walitafuta mtu anayejua kusema mbele ya watu na mwenye mahali pa kukalisha wanawake kumi na watano. Mtaa mzima ukanitaja mimi. Nikaenda kwenye mafunzo ya siku tano, nikapewa kitini chenye picha, daftari la mahudhurio na mkoba wa kitambaa.

Kile kitini kilitoka mbali kuliko hao wazazi wenyewe. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na baba amekaa kwenye kochi, taa ya mezani pembeni, anamsomea mwanawe kitabu kabla ya kulala. Nilipowaonyesha wanawake wangu Jumatano ya kwanza, jirani yangu muuza samaki, Mmakonde wa Newala mwenye mabega mapana na sauti ya mnadani, aliuliza, "Mwalimu, huyu baba hana kazi?" Kibaraza kizima kikacheka, na somo likaishia hapo.

Mkufunzi wetu, binti mpole kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameliona hilo zamani. Alituambia wazazi hawa si wale wa kwenye picha, kwa hiyo tutumie nyimbo zetu, hadithi zetu na mila zetu, ili somo liwafikie kwa njia wanayoijua. Nilimpenda sana kwa maneno hayo. Nikarudi nyumbani nikakifungia kile kitini kabatini, nikatoa mila yangu.

Nilifundisha kwa utani. Nikitaka kusema mtoto asipigwe hovyo, niliwaambia Wamakonde kwamba wanawapiga watoto kwa sababu hawana ngoma ya kutosha. Muuza samaki akanijibu kwamba Wamwera hawapigi watoto kwa sababu hawana nguvu ya kuinua fimbo, kutwa wanangoja korosho zianguke zenyewe. Watu wakicheka hivyo, nalitia somo katikati ya kicheko: zungumza na mtoto, msikilize, mwimbie, mpe gunzi la muhindi alifanye mwanasesere. Lilikuwa linaingia. Wanawake walikuwa wakiacha mabeseni yao ya karanga na kuja Jumatano baada ya swala ya alasiri, na walikuwa wakienda nyumbani wanayarudia niliyosema. Nilijisikia nimerudi darasani, safari hii bila mkaguzi.

Karibu nusu ya kikundi walikuwa wageni wa mji. Baadhi walitoka Newala na vijiji vya uwanda wa Wamakonde, na wanne walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, kwao kulipoharibika. Mmoja wa hao wanne ndiye ninayemwandikia haya, ingawa hasomi Kiswahili na sidhani kama atayaona.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano. Alipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya muuza samaki, yeye na mumewe na mabinti wawili. Mumewe alifanya vibarua kwenye mashamba ya chumvi nje ya mji, na kazi ikiwa nyingi mke naye alikwenda, akabeba chumvi kichwani kutwa nzima. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka minane hivi. Mdogo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, mnene, mwenye mazoea ya kushika kila kitu kinachopita mbele yake, pamoja na miwani yangu. Mama yake alikaa daima kwenye nguzo ya mwisho ya kibaraza. Kiswahili alikijua, ila na wanawe aliongea Kimakonde. Watu walipocheka, naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, akiwatazama wenzake kwanza. Niliona jambo hilo nikadhani ni haya ya ugeni. Tunasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi niliiona kamba hiyo kila Jumatano nisijiulize nani amemfunga.

Somo lenyewe lilikuwa la kutomwacha mtoto mdogo peke yake, au na mtoto mwenzake. Nalo nilikuwa na haki gani ya kulifundisha? Mimi nilibebwa mgongoni na dada yangu aliyekuwa na miaka tisa, mama akiwa shambani. Wanangu wenyewe niliwaachia kifungua mimba wangu nikaenda kuwafundisha watoto wa wenzangu. Kila mwanamke pale kibarazani alilelewa hivyo na analea hivyo. Ningekuwa mtu mkweli ningewauliza: sasa, kwa hali hii tuliyonayo, tufanyeje? Badala yake nikachagua kuchekesha, kwa sababu lilikuwa somo gumu na kuchekesha nakuweza.

"Nyie Wamakonde nawajua," nilisema. "Mnazaa watoto, mnawaachia panya wawalee."

"Na nyie Wamwera mnawalea wenu usingizini," akajibu muuza samaki. "Mkija kuamka wameshaoa."

Nikangoja kicheko kipungue, nikapiga daftari la mahudhurio kwa kiganja. "Cheka tu. Mimi majina nimeshaandika yote. Kila anayemwacha mtoto namjua. Ijumaa gari la ustawi wa jamii linakuja, watoto wote wa Kimakonde wanapakiwa, wanapelekwa nyumba ya serikali wakale pilau. Nyie mtabaki na panya wenu. Na asiye na kitambulisho anavushwa Ruvuma jioni hiyo hiyo!"

"Gari lianzie kwako, mwalimu," akapiga kelele muuza samaki, "wajukuu zako wanakula udongo!"

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka ubavuni mwa mwenzake. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikavua miwani. Na katika kuvua miwani huko nikamwona yule wa nguzo ya mwisho. Safari hii hakuchelewa kucheka. Hakucheka kabisa. Alimfunga mtoto mgongoni, akavaa ndala, akaondoka kabla uji wa kumalizia somo haujagawiwa.

Nilimwona. Hapo ndipo penye lawama yangu ya kwanza, maana ningekuwa sikumwona ningepata pa kujificha. Nilimwona nikasema moyoni, kesho nitapita nimtulize. Kesho yake nilikuwa na fundi wa bati.

Jumatano iliyofuata hakuja, nikaweka kistari kwenye jina lake. Jumatano ya pili hakuja, nikaweka kistari kingine. Katika wiki hiyo ya pili muuza samaki alinikuta napepeta mchele, akasema, "Mwalimu, mtoto wa mpangaji wangu ameungua mkono. Uji."

"Amepelekwa hospitali?"

"Mama yake anasema amepata dawa. Mimi sikuona. Siku hizi wanajifungia."

"Nitapita," nilisema.

Kutoka kibarazani kwangu mpaka kwenye chumba kile unapita nyumba tatu. Sikupita. Sababu nitaitaja, na sitaipamba: wageni wa mradi walikuwa wanakuja. Yule mkufunzi alikuwa amewasimulia wakubwa wake kuhusu mwalimu mmoja wa Lindi anayefundisha malezi kwa utani, nao wakataka kuona kwa macho yao. Wiki nzima nilikuwa nafagia, napaka chokaa, naazima viti, nawaonya wanawake wasichelewe. Nilijiambia mkono wa mtoto utapona, watoto wote wanaungua, hata mimi nina kovu la chai pajani.

Wageni walikuja wanne, mmoja na simu ya kurekodi. Nikawapa walichokifuata. Nikarudia utani wa panya, nikarudia gari la ustawi wa jamii, nikarudia Ruvuma, kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza ili simu isikie. Muuza samaki naye hakuniangusha. Wageni walipiga makofi, na mkubwa wao akasema hii ndiyo maana ya kumfuata mzazi katika mila zake. Nililala usiku huo nimeshiba sifa.

Siku mbili baadaye nikaenda. Sijui ni nini kilichonitoa, labda ni kwamba kazi ilikuwa imekwisha na sasa nilikuwa na nafasi ya kuwa mtu mwema. Nilibisha hodi. Yule binti wa miaka minane akatokea kwenye pazia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yupo?"

"Hayupo."

Chini ya pazia niliona miguu ya mama yake, imesimama tuli, na vidole vimekunjwa.

Nilisema kwa sauti ya kawaida kwamba nimekuja kumjulia hali mgonjwa tu, basi. Ilichukua muda. Kisha pazia likafunguliwa, akatoka, akasema shikamoo mama, nami nikaitikia. Macho yake hayakuwa usoni kwangu. Yalikuwa kwapani, kwenye daftari la mahudhurio. Nilikuwa nimelibeba kwa mazoea, kama mwalimu asivyosahau chaki.

"Mama," alisema, "usiniandike."

Sikumwelewa. Nikamwambia aniletee mtoto nimwone.

"Usiniandike, mama. Tulikwenda siku moja tu. Siku moja. Chumvi ilikuwa nyingi, wakasema asiyekuja leo kesho asije. Dada yake alimpikia uji, akautua chini upoe. Hakumwacha. Alikwenda kuchukua kikombe."

Nikaliweka daftari chini, mlangoni, nikaingia.

Mtoto alikuwa mkekani, amekonda. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kanga, umekazwa sana, vidole vyote pamoja. Mama yake alikuwa amepaka unga na mafuta, akafunga hivyo ili mtoto asikune. Alikuwa akifungua na kufunga mwenyewe kwa zaidi ya wiki mbili. Nilipofungua nilisikia harufu kwanza. Donda lilikuwa limeanza kufunga juu, na lilikuwa limevigandisha vidole vitatu pamoja. Mtoto hakulia. Alinitazama tu, akaunyoosha mkono wa kushoto kwenye miwani yangu.

Yule dada yake alikuwa amesimama na uso ukutani. Nilimwita, nikamwambia si kosa lake. Akageuka akaniuliza, kwa Kiswahili safi alichokiokota mtaani kwetu, "Bibi, nyumba ya serikali iko mbali?"

Nilimbeba mdogo wake, tukaenda kutafuta bajaji.

Hospitali walitupokea vizuri, na sina neno juu yao. Nesi aliyesafisha donda alikuwa mtu mzima wa rika langu, mikono yake myepesi. Alipofika kwenye vidole alisimama, akamtazama yule mama.

"Hii ni ya lini?"

Akaambiwa.

"Wiki mbili! Kwa nini hukumleta siku ileile?"

Mwanamke yule aligeuka akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kwa kungoja, jinsi mtu anavyomtazama mwenyeji wake akiulizwa jambo katika mji usio wake. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, na mkoba wa mradi mapajani. Lilikuwa neno dogo tu: aliogopa kwa sababu nilimtisha. Maneno manne. Mimi ninayeweza kumjibu mtu mzima kabla hajamaliza kunitania, nilikaa kimya.

"Nyie wazazi vijana," nesi akaendelea, "mnacheza na watoto. Angalia sasa."

Nami nikaitikia kwa kichwa. Nilimkubalia nesi. Hilo sijamwambia hata binti yangu, na ndilo linaloniamsha nikilala mchana. Mdomo huponza kichwa, wanasema wazee, lakini wangu siku ile ulikiponya kichwa changu ukamponza mwingine.

Daktari alisema vidole vilivyoshikana vitahitaji kupasuliwa kwenye hospitali kubwa, na kwamba angefika siku za kwanza vingefungwa kimoja kimoja na huenda visingeshikana. Alisema kwa upole, kwa lugha ya kueleweka. Tulikaa kwenye benchi la nje kungoja dawa. Mtoto alikuwa amelala. Hapo ndipo nikajikaza nikamwambia, kwa sauti ya chini ili mtu asisikie, "Mwanangu, ule ulikuwa utani. Hakuna gari. Hakuna nyumba. Kwetu Mmwera na Mmakonde ni watani, tunasema chochote."

Aliufunika mkono wa mtoto kwa kanga yake.

"Utani naujua, mama," alisema. "Hata kwetu upo. Lakini mtani ni mtu wa kukujibu. Yule jirani anakujibu, ana nyumba, ana ndugu, akikutukana unacheka. Mimi ningekujibu nini? Ningesema nini mimi, na jina langu liko kwenye daftari lako?"

Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Na juzi ulisema tena. Nilisikia. Nilikuwa namfungua mkono, nikakusikia unasema tena, na watu wakapiga makofi. Nikajua basi ni kweli, maana wakubwa wenyewe wamekuja."

Nilimwomba radhi. Aliitikia, "Yamekwisha, mama," kama tunavyoitikiwa sote tukiomba radhi kwa mtu asiyeweza kutukatalia. Hayakuwa yamekwisha na wote wawili tulilijua hilo.

Mtoto alipasuliwa baadaye. Nilihangaika na safari ile, nikalala naye wodini, nikagombana na watu wa mradi mpaka wakakubali kusaidia. Watu wa mtaani wakasema mwalimu ana moyo. Vidole viwili viliachana. Kimoja kilibaki kimelala, na kiganja hakifunguki chote. Kikombe anashika. Tonge la ugali linamponyoka.

Utani niliuacha. Mkufunzi aliniuliza kwa simu mbona siku hizi kikundi kimepoa, nikamwambia watu wameuchoka, jambo ambalo si kweli. Niliwaambia wanawake walete watoto wao kibarazani siku za kazi ya chumvi, na tukapanga zamu, wawili wawili, wa kubaki nao na kuwapikia uji. Ni mpango mzuri tu, na ungeweza kuwepo tangu Jumatano ya kwanza kama ningeuliza badala ya kuchekesha. Wageni walipokuja tena waliusifia, wakasema nina ubunifu. Nikawaonyesha chungu cha uji tu.

Yule mama alirudi kikundini. Alichukua zamu zake, hakukosa. Aliniamkia, nikaitikia, akaniuliza habari za wajukuu, nikamjibu. Lakini tangu siku ile ya benchi hakuniinulia macho. Aliongea na mabega yangu, na mikono yangu, na miguu yangu. Nami nilimshukuru kwa hilo, Mungu anisamehe, kwa sababu macho yake niliyaogopa.

Mwaka jana binti yangu alijifungua, tukafanya akika hapa nyumbani. Kikundi kizima nilikialika. Wakwe zetu walikuja kutoka Kikole, huko Kilwa, wakiongozwa na mama yake mume wa binti yangu, bibi wa makamo mwenye adabu na sauti ya chini, mtu wa kumpenda. Wanawake walikaa makundi makundi kwenye mikeka, pilau kwenye masinia, na mimi nilishika birika na beseni kuwanawisha wageni, kazi niliyojipa mwenyewe ili nisikae.

Yule mama alikaa sinia moja na bibi wa Kikole. Mwanawe, wakati huo ana karibu miaka minne, alikuwa amebanwa katikati yao. Mtoto akaingiza mkono wa kushoto kwenye pilau.

"Mjukuu wangu," bibi akasema kwa upole, "tunakula kwa mkono wa kulia." Akausogeza ule wa kushoto pembeni.

Mtoto akauficha wa kulia chini ya gauni lake. Bibi akacheka kidogo, akautafuta, akautoa. Kisha hakucheka tena. Aliushika kwenye kiganja chake akaugeuza.

"Yarabi. Mtoto mzuri hivi! Nani alimwacha na moto?"

"Mimi, bibi," akasema mama yake. Alilisema bila kusita, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Hapo nikajua kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza. Kila mahali mkono ule ulipoonekana mbele ya watu, kisimani, kanisani, kwa jirani, yule mama aliulizwa hivyo, na kila mara alijibu hivyo. Miaka miwili na zaidi.

Nilisimama na birika langu. "Si yeye," nilisema. "Ni mimi."

Wakanigeukia.

"Nilimwambia watoto wake watachukuliwa na gari la serikali. Akaogopa kumpeleka hospitali. Mkono huo niliuharibu mimi."

Mikono ikasimama juu ya masinia. Kisha muuza samaki, kutoka sinia la pili, akapasuka kwa kicheko. "Mmemsikia? Mmwera kaanza tena! Nilijua tu hatavumilia! Hata kwenye akika ya mjukuu wake!" Sijui hadi leo kama hakuelewa au alinihurumia. Sinia la pili likacheka, na la tatu, na wale wa mlangoni ambao hata hawakusikia nilichosema. Bibi wa Kikole alishusha pumzi, uso wake ukafunguka. "Nilishaambiwa mkwe wetu ni mtani," alisema, akijifuta macho, "leo nimeshuhudia."

"Si utani," nikasema.

Wakazidi kucheka, maana hakuna mtani asiyesema hivyo. Nikarudia mara ya tatu, na sauti ikanikatika, na mtu mmoja nyuma akaniigiza ile sauti, vizuri sana, watu wakapiga makofi.

Yule mama hakucheka. Aliinua macho, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akangoja kidogo aone kama nitapata njia nyingine ya kulisema. Sikuipata. Akainama, akafinyanga tonge la pilau kwa mkono wake, akamtia mwanawe kinywani.

Wageni wapya walikuwa wameingia, hawajanawa. Nikawafuata na birika, nao wakaninyooshea mikono yao ya kulia huku wanacheka.